Majalada ya kesi za kifungu cha 175 baada ya vita: tuyasome vipi, na tutaje majina?

Msoma_Jalada (Frankfurt)

Wanajukwaa, salaam. Ninasoma historia hapa Frankfurt, na kikundi cha wakazi wa mtaa wetu kimenipa kazi ya kuandaa sehemu ya maonyesho kuhusu maisha ya jiji hili katika miaka ya 1950. Wenzangu walitarajia picha za magofu yakijengwa upya, magari mapya na maduka yaliyoanza kujaa bidhaa. Mimi nimependekeza tuingize pia kesi za mwaka 1950 na 1951, zilizoanza pale kijana aliyekuwa akijiuza kwa wanaume alipofanywa shahidi wa upande wa mashtaka, na maelezo yake yakatumika kuwakamata wanaume wapatao 100 na kuwachunguza zaidi ya 200. Wapo waliopoteza kazi, wapo walioihama nchi, na kadhaa walijiua, akiwemo kijana wa miaka 19 aliyejirusha kutoka mnara wa Goetheturm.

Kwa wasiolifahamu suala hili: kifungu cha 175 cha sheria ya jinai ya Ujerumani kiliwaadhibu wanaume waliojamiiana na wanaume tangu enzi za Kaisari. Mwaka 1935 Wanazi walikikaza kiasi kwamba hata ishara ya tamaa ingetosha kumtia mtu hatiani bila miili kugusana. Vita ilipokwisha, Ujerumani Magharibi ilikirithi kifungu hicho kama Wanazi walivyokiacha, ikakitumia hadi mwaka 1969, na katika miaka hiyo watu wapatao 50,000 walihukumiwa. Kilifutwa kabisa mwaka 1994.

Ninachoomba ushauri ni mambo mawili. Karibu kila karatasi niliyoipata imeandikwa na polisi, mwendesha mashtaka au hakimu, na mwanamume anayetajwa humo anajitokeza siku aliyokamatwa na kutoweka siku aliyohukumiwa. Nitaandikaje habari za mtu mzima, mwenye kazi, marafiki na jioni zake, ikiwa nilicho nacho ni maneno ya waliomfunga? La pili ni majina: je, tuyaandike ukutani au tuyafiche?

Karani_wa_Nyaraka

Ndugu Msoma_Jalada, hongera kwa kuwashawishi wenzako, maana maonyesho ya miaka ya 1950 katika miji mingi ya huku huishia kwenye mashine za kufulia na viti vya plastiki.

Nimefanya kazi katika hifadhi ya nyaraka kwa muda mrefu, na ushauri wangu ni kwamba uanze kulisoma jalada kama ushahidi dhidi ya aliyeliandika. Kabla ya kuuliza mshtakiwa alifanya nini, uliza habari zake zilimfikiaje polisi: je, ni mwenye nyumba aliyechungulia, mwajiri, mtu aliyejaribu kumtoza fedha kwa vitisho, au kitabu cha anwani kilichochukuliwa kwenye chumba cha mtu mwingine? Mara nyingi utakuta kwamba kesi kumi zimezaliwa na kitabu kimoja cha anwani. Ukichora nani alimtaja nani, na katika mahojiano ya saa ngapi, utapata picha ya polisi wakiwa kazini, na hiyo ni historia ya jamii nzima ya baada ya vita, haiwahusu washtakiwa peke yao.

Baada ya hapo soma vielelezo vilivyokamatwa, kwa sababu humo ndimo mtu anaposema kwa sauti yake mwenyewe. Nakumbuka jalada la mji mdogo lililokuwa na kadi ya posta iliyotumwa kutoka kando ya ziwa. Mwandishi wake alilalamika kuhusu bei ya chumba, akaeleza jinsi kifundo cha mguu kilivyomvimba, akauliza kama mbwa anakula vizuri, na mwishoni akaaga kwa maneno “wako daima”. Polisi alikuwa ameyapigia mstari maneno hayo mawili kwa kalamu nyekundu na kuyaacha mengine yote. Mimi ningeionyesha kadi nzima, mstari mwekundu ukiwemo, maana yale yaliyoachwa yanaonyesha kaya ya watu wawili iliyokuwa ikiendelea na maisha yake.

Maelezo ya mahojiano yanahitaji tahadhari kubwa zaidi. Kauli kama “nilikuwa nimelewa” au “ilitokea mara moja tu” zinajirudia kutoka jalada moja hadi jingine kwa sababu zilikuwa ngao, na kauli za toba zilitolewa na watu waliotumaini kupunguziwa adhabu. Usizichukue kama shajara. Vilevile usimfanye yule kijana shahidi kuwa Yuda wa hadithi. Alikuwa mikononi mwa polisi waliojua kumtumia, na mwishowe naye alihukumiwa kifungo.

Jambo jingine ambalo wageni wa maonyesho watalishangaa ni jinsi mwaka 1945 usivyokuwa mpaka ndani ya karatasi hizi. Utakuta hukumu iliyotolewa chini ya Wanazi imeorodheshwa katika miaka ya 1950 kama kosa la awali la kawaida, na hakimu anaitumia kuongeza adhabu. Wanaume waliovaa pembetatu ya waridi, alama waliyoshonewa waliofungwa kwa kupenda wanaume, katika kambi za mateso hawakuhesabiwa miongoni mwa waliostahili fidia chini ya sheria ya mwaka 1956, kwa kuwa ilihesabiwa kwamba hawakuteswa kwa sababu ya siasa, rangi wala dini. Tarehe 10 Mei 1957 Mahakama ya Katiba ya Shirikisho ilikataa malalamiko yaliyoletwa dhidi ya kifungu hicho, ikasema kwamba toleo la mwaka 1935 halikubeba fikra za Kinazi kwa kiwango cha kulinyima uhalali katika dola ya kidemokrasia. Weka aya hiyo ya hukumu karibu na majalada yako ya Frankfurt.

Hata hivyo usiwaambie wageni kwamba kila mtu alifikiri hivyo. Mwaka 1951 mahakama moja ya Hamburg iliwapa wanaume wawili adhabu ya faini ya marka 3, yaani hakimu alitii sheria huku akionyesha wazi alivyoidharau. Ujerumani Mashariki nayo, ambayo kwa mengine haikuwa na upole, ilirudia toleo la kabla ya 1935 mapema kabisa, na ikakifuta kifungu hicho mwaka 1968.

Msomaji_wa_Pwani

Naomba niulize kwa heshima: mna hakika kwamba watu hawa wangependa kutafutwa? Siri ya mtungi aijuaye kata. Mtu aliyetumia miaka 30 akiwaficha majirani, na pengine mke na watoto, leo anatolewa kwenye kabati na kikundi cha mtaa, tena kwa nia njema. Polisi walisoma barua zake bila ruhusa yake, na sisi tunazisoma tena bila ruhusa yake. Sisemi historia isiandikwe. Ninasema kwamba ile kadi ya posta, pamoja na uzuri wake, haikuandikiwa wageni wa maonyesho.

Bi_Nyakati (Berlin)

Hoja ya Msomaji_wa_Pwani ni nzito, nami nitaiachia wenye ujuzi wa sheria. Mimi ninataka kuuliza jambo ambalo hakuna aliyeligusa hapo juu: wanawake wako wapi?

Kifungu cha 175 hakikuwahusu, kwa hiyo anayetafuta kwenye majalada ya jinai atarudi mikono mitupu na kudhani kwamba waliachwa waishi kwa amani. Waliadhibiwa kwa mlango mwingine. Hadi mwaka 1977 talaka katika Ujerumani Magharibi iliamuliwa kwa kutafuta nani mwenye hatia, na mke aliyebainika kumpenda mwanamke mwenzake alipoteza haki ya matunzo, na mara nyingi hata watoto wake. Serikali ya jimbo la Rheinland-Pfalz iliagiza utafiti kuhusu akina mama hao, na mwaka 2021 ikawaomba radhi. Katafute basi katika kesi za talaka na za malezi ya watoto, na ujiandae kusoma lugha ya mafumbo, kwa kuwa mawakili wengi waliona afadhali kuandika “mwenendo usiofaa” kuliko kulitaja jambo lenyewe. Mwanamke mwingine alikubali hatia yote ili jambo lisitajwe mahakamani, na hapo jalada litanyamaza kabisa.

Kwa maisha ya jioni unayoyauliza, Msoma_Jalada, tafuta magazeti. Der Kreis, jarida la wanaume wanaopenda wanaume lililotoka Zurich, liliwafikia wasomaji wa Kijerumani kwa njia ya posta hadi mwaka 1967, na Hamburg ilikuwa na majarida yake mwanzoni mwa miaka ya 1950, mpaka sheria ya mwaka 1953 ya kuwalinda vijana dhidi ya machapisho ilipoyafanya yasiweze kuuzwa hadharani. Soma hadithi zake na mialiko ya dansi, lakini usiyaruke matangazo madogo ya watu waliotafuta mwenzi wa safari au wa kukodi naye nyumba. Hapa Berlin kuna Spinnboden, hifadhi ya nyaraka za wanawake wanaopenda wanawake iliyoanza mwaka 1973, na Schwules Museum, jumba la makumbusho la mashoga lililoanzishwa mwaka 1985. Zote mbili zimejaa vitu vilivyookolewa na marafiki baada ya mazishi, kabla ndugu wa marehemu hawajafika na mifuko ya takataka. Picha ya wanawake wawili ufukweni, yenye tarehe na jina la mahali nyuma yake, inaweza kukupa zaidi ya kurasa 80 za mahakama.

Karani_wa_Nyaraka

Dada Bi_Nyakati amenizidi, na ninakubaliana naye kabisa kuhusu talaka.

Nikimjibu Msomaji_wa_Pwani: sheria ya hifadhi za shirikisho inalinda nyaraka zinazomhusu mtu binafsi kwa miaka 10 baada ya kifo chake, au miaka 100 tangu azaliwe ikiwa tarehe ya kifo haijulikani, na majimbo yana kanuni zinazofanana na hizo. Mtafiti anaweza kuruhusiwa kusoma mapema, lakini ruhusa ya kusoma siyo ruhusa ya kubandika ukutani. Mimi ningetofautisha. Hakimu, mwendesha mashtaka na mkuu wa polisi walitenda kwa jina la serikali, kwa hiyo watajwe kikamilifu. Mshtakiwa ambaye hana jamaa wa kuulizwa ningemwandika kwa jina la kwanza na herufi moja, pamoja na kazi yake na mtaa wake bila namba ya nyumba. Lakini nisingefanya jambo hilo kuwa kanuni ya chuma, kwa sababu kuwaficha wote milele kunaweza kuonekana kana kwamba nasi bado tunaona palikuwa na aibu. Tangu mwaka 2017 hukumu hizo za baada ya vita zimefutwa kisheria, na waliohukumiwa wamepewa haki ya kudai fidia ya euro 3,000 kwa kila hukumu na euro 1,500 kwa kila mwaka wa kifungo ulioanza.

Walioomba wamekuwa wachache sana kuliko serikali ilivyotarajia. Wengi walikwisha kufa, na wengine hawakutaka kufungua tena barua yenye muhuri wa dola. Kwa hiyo, kabla ya kuchapisha chochote, tafuteni walio hai. Taasisi ya Bundesstiftung Magnus Hirschfeld inarekodi mahojiano ya video na wazee, na vituo vya wazee vya mtaa wenu vinaweza kubandika tangazo fupi lenye namba ya simu na jina la mtu mmoja tu wa kupokea. Apokee mtu mzima mwenye subira, siyo mwanafunzi wa zamu, kwa sababu wengi hupiga mara ya kwanza wakauliza saa za kufunguliwa kwa maonyesho, kisha wakakata simu.

Msoma_Jalada (Frankfurt)

Ninawashukuru nyote. Wiki hii nitaomba majalada ya talaka ya miaka ya 1950 hadi 1965, na tangazo nitalipeleka mwenyewe. Kuhusu kadi za posta na barua, nimewapendekezea wenzangu kwamba zisiwekwe ukutani bali ndani ya droo, zikiwa na maelezo ya nani alizichukua na kwa amri ya nani, ili atakayetaka kusoma aamue mwenyewe kuivuta. Wawili kati yetu wanapinga, na tutalijadili Jumanne.