Miguu ya mama huvimba kila jioni: je, nimpe dawa ya kukojoza?

Mwana wa Ujiji: Shikamooni wakubwa. Mama yangu ana miaka 61, na hushinda ameketi sokoni akiuza dagaa. Huu ni mwezi wa pili ambapo kila jioni miguu yake yote miwili huvimba kuanzia vifundoni, na nikibonyeza kwa kidole hubaki shimo. Asubuhi huwa imepungua. Anatumia amlodipini kwa ajili ya presha, na kipimo kiliongezwa kutoka miligramu 5 hadi 10 muda mfupi kabla ya hali hii kuanza. Jirani anatuhimiza tununue furosemaidi duka la dawa ili "atoe maji". Naomba ushauri kabla sijampa.

Muuguzi, Kasulu: Usimpe kwanza, ndugu yangu. Amlodipini yenyewe huweza kuvimbisha vifundo, hasa kwa kipimo cha miligramu 10, kwa kuwa hutanua mishipa midogo inayoleta damu kuliko ile inayoirudisha, na maji yakavuja na kutuama miguuni. Uvimbe wa namna hiyo dawa ya kukojoza haiuondoi ipasavyo, ila yaweza kumpunguzia potasiamu na kumtia kizunguzungu. Wala asiache dawa ya presha kwa uamuzi wake. Arudi kwa aliyemwandikia, ambaye anaweza kuipunguza au kuibadilisha. Hata hivyo tusiitwishe dawa lawama zote: apimwe mkojo ili ionekane kama una protini, apimwe damu kwa ajili ya figo, na moyo wake usikilizwe. Je, usiku hulazimika kuongeza mito ndipo apumue? Uso nao huvimba anapoamka?

Mwana wa Ujiji: Hapana, yote mawili hayapo. Ila migebuka waliokaushwa kwa chumvi hula karibu kila siku.

Muuguzi, Kasulu: Hao apunguze, maana chumvi huzuia maji mwilini na kupandisha presha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kasoro ya kijiko cha chai. Sokoni awe anainuka na kutembea kidogo.

Mkazi wa Tabora: Niongeze kuhusu mguu mmoja. Kaka yangu alishuka treni kutoka Dar es Salaam akiwa na kigimbi kimoja kilichovimba na kuuma. Tulikikanda kwa maji ya moto siku tatu tukidhani ni uchovu wa safari, kumbe damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa, na bonge lile lingeweza kupanda hadi mapafuni. Mguu mmoja ukivimba ghafla, msiukande. Nendeni hospitali siku hiyohiyo.

Mwana wa Ujiji: Ahsanteni sana. Furosemaidi sitainunua. Kesho nampeleka kliniki pamoja na pakiti za dawa zake zote.