Ushauri: hati ya mahitaji ya mfumo wa ushuru wa soko, Nakuru

KijanaWaMolo: Hamjambo wadau. Kitengo chetu katika kaunti kinaandaa hati ya mahitaji (inayosema mfumo lazima ufanye nini) ya mfumo wa kukusanya ushuru wa soko na wa mazao: Nakuru mjini, Molo na Gilgil. Rasimu niliyokabidhiwa imejaa sentensi kama "mfumo uwe wa haraka" na "mfumo uzuie wizi". Zabuni haijatangazwa bado. Nianzie wapi, mzabuni asije akatuletea kitu tusichokuwa na msingi wa kukikataa?

DadaKibuye: Anza na Sheria ya Fedha ya kaunti kabla hujaitisha kikao chochote. Ibara ya 210 ya Katiba hairuhusu kodi wala ada ya leseni kutozwa bila sheria, kwa hiyo kila tozo kwenye hati ionyeshe kifungu chake. Viwango vikae kwenye jedwali lenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na afisa wa mapato aliyeidhinishwa aweze kuvibadilisha mwenyewe. Vikizikwa ndani ya programu, kila bunge la kaunti likipitisha viwango vipya mtamlipa mzabuni.

Halafu vipimo. Kisheria gunia la viazi halizidi kilo 50, lakini sokoni huletwa yaliyofurika. Karani afanye nini likifika: alikatae, alipime, au atoze kama la kawaida? Hati isiposema, kila lango litakuwa na sheria yake.

FundiKSM: Nakubaliana na dada. Mimi nasisitiza malipo, maana hapo ndipo mifumo mingi huvunjikia. Andika hali mbaya moja moja: mchuuzi amelipa kwa M-Pesa lakini uthibitisho haujaufikia mfumo, uthibitisho uleule umefika mara mbili, namba ya akaunti imekosewa, malipo yamerudishwa. Kwa kila moja taja mfumo ufanye nini. Mfano: "Uthibitisho wenye namba ya muamala iliyokwisha kusajiliwa usitoe risiti ya pili." Hilo linajaribika: utume mara mbili, hesabu risiti. Na uhakiki wa akaunti kabla ya kupokea fedha huombwa kwa Safaricom. Usipouandika, hakuna atakayeuomba.

"Haraka" igeuze hivi: "Risiti itoke ndani ya sekunde 5 tangu uthibitisho ufike, kwa miamala 95 kati ya 100, makarani 60 wakitoza kwa wakati mmoja." Hizo ni namba za mfano tu, zako zipate langoni, alfajiri ya siku ya soko malori yakishusha.

Kama vifaa vitafanya kazi hata mtandao ukikatika, kila kifaa kiwe na mfululizo wake wa namba za risiti. Bila hivyo, viwili vitatoa namba moja na hamtajua ipi ni halali.

KijanaWaMolo: Asanteni sana. Na "kuzuia wizi" nikuandikeje?

MhasibuWebuye: Kuvunje vipande. Karani asiweze kufuta risiti. Akitaka kuighairi aandike sababu, msimamizi mwingine aidhinishe, na kumbukumbu ya risiti na ya kughairiwa kwake zibaki zote. Kila jioni mfumo ulinganishe risiti na taarifa ya M-Pesa na ya benki, uorodheshe tofauti kwa kila lango. Wakaguzi wa ndani waketi nanyi sasa hivi. Husahaulika sana, na ripoti hizo ni zao.

DadaKibuye: Angalia pia ratiba. Mkihifadhi namba za simu na za vitambulisho vya wachuuzi, someni kifungu cha 31 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Pale tathmini ya athari za kuchakata data kwa haki za wenye data inapohitajika, ripoti yake humfikia Kamishna wa Data siku 60 kabla ya kuanza kuchakata data. Iingizeni mapema, isije ikasimamisha uzinduzi.

Upande wa ununuzi, kifungu cha 139 cha sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 kinazuia mabadiliko yote ya mkataba kwa pamoja yasipandishe bei kwa zaidi ya asilimia 25. Hitaji mlilosahau leo huenda likakosa nafasi kesho. Kila hitaji lipe namba, chanzo chake na jaribio la kuthibitisha kuwa limetimizwa, kisha malipo ya mzabuni yafungwe kwenye majaribio hayo, awamu kwa awamu.