Wavu hauna saa! Mnaopanga mechi ya saa moja moja mmetuibia nusu fainali

Wakuu, nimefika nyumbani saa 6 usiku, miguu imevimba, na naandika kabla hasira haijapoa. Mods naomba msiuhamishe uzi huu.

Jumamosi tulikuwa kwenye bonanza la mpira wa wavu. Timu 8, uwanja mmoja, mtoano. Robo fainali 4, nusu fainali 2, mshindi wa tatu, fainali. Jumla mechi 8. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikatoa ratiba: kuanzia saa 3 asubuhi, kila mechi saa moja, saa 11 jioni tunakabidhi kombe. Seti tano kwa tatu, yaani wa kwanza kushinda seti tatu kati ya tano ndiye mshindi, tena "kwa kanuni za kimataifa".

Nani kawaambia mechi ya wavu ni saa moja? Soka ina dakika 90, kikapu kina robo nne. Huku hakuna kipenga cha muda kuisha. Unacheza mpaka mtu afikishe seti tatu, na seti haiishi kwa 25 kama hujamwacha mwenzako pointi mbili. Seti ya kawaida ni kama dakika 25. Weka tatu, ongeza mapumziko ya dakika 3 kati ya seti na seti, tayari una dakika 80. Hapo mtu kapigwa 3-0, na bado sijahesabu kupasha misuli wala refa kutafuta bendera za washika mstari. Ikifika seti ya tano, saa mbili zinapita.

Sasa zidisha. Hata zote 8 zingeisha 3-0, ukianza saa 3 asubuhi unamaliza saa 1:40 usiku. Uwanja hauna taa hata moja! Hesabu ya darasa la nne hii.

Asubuhi nilimwambia mjumbe mmoja wa kamati. Akanijibu mbona Malkia Strikers, timu ya taifa ya wavu ya wanawake ya Kenya, kule Olimpiki ya Paris 2024 walikuwa wanamaliza fasta? Mzee wangu, Brazil, Poland na Japan wote waliwafunga 3-0! Unapangaje ratiba kwa kutegemea kila mtu achapwe vile? Mwingine akaja na enzi zao, seti za pointi 15. Sawa, lakini zamani upande unaosevu, yaani unaoanzisha mpira, ndio pekee uliopata pointi, mpira ungeweza kurudi kwa huyu na yule ubao wa matokeo umeganda tu. Mfumo wa kila mpira pointi uliingia mwishoni mwa miaka ya 90, na hata huo unapunguza tu kubahatisha muda wa mechi. Saa bado haijawekwa.

Nusu fainali yetu iliandikwa saa 8 mchana. Tumeingia uwanjani saa 10:40 jioni, vijana wamekula mihogo saa 6 na wamekaa juani tangu hapo. Ya kwanza tukachukua 25-20. Ya pili ikatutoka 31-29, dakika 33 peke yake, na hiyo nakiri ilikuwa tamu hata kwa aliyefungwa. Ya tatu yetu 25-23. Ya nne tukachoka, 25-16 wakasawazisha. Seti 2-2, saa 12 na nusu jioni, libero wetu, yule mchezaji wa ulinzi tu, anapokea sevu kwa kusikiliza mlio.

Ndipo kamati ikaita manahodha. Giza limeingia, kwa hiyo tunajumlisha pointi za seti zote: wao 99, sisi 95. Wameingia fainali. Fainali yenyewe Jumatatu!

Yaani Jumatatu ya fainali ipo, ila Jumatatu ya seti moja ya tano, inayochezwa kwa pointi 15 tu, haipo? Hiyo seti ni dakika kumi na tano tu! Na kama ni kujumlisha pointi, mngetwambia asubuhi, ile ya nne tusingeiachia kizembe tukitunza nguvu za ya tano.

Mlikuwa na njia nyingi. Mngecheza seti tatu kwa mbili hadi nusu fainali. Mngefunga wavu wa pili, eneo lilikuwepo, mbuzi walikuwa wanalala pale. Mngefanya siku mbili.

Marefa mliomo humu, nionyesheni kanuni ya kumpata mshindi kwa jumla ya pointi mechi ikiwa 2-2. Nimewaandikia kamati kwenye kundi turudishiwe ada yetu au tumalizie seti yetu. Tiki za bluu zimejaa, anayejibu hakuna.