Baiskeli ya umeme na baiskeli ya kawaida: je, mazoezi yanabaki?

Mstaafu wa Tabora

Ndugu wanajamvi, salamu. Ninaomba ushauri juu ya jambo ambalo limezua mjadala nyumbani kwangu kwa wiki mbili sasa. Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 61, na kila Jumamosi alfajiri huiendesha Phoenix yangu kutoka Tabora mjini hadi Kwihara, kwenye lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi, kisha nikarudi kabla jua halijawa kali. Kwenda tu hakufiki kilomita kumi, lakini kuna vipande vya kichanga ambavyo hushika tairi mpaka mtu akalazimika kushuka na kukokota. Naipenda safari hiyo kwa ubaridi wake wa asubuhi na kwa miembe, na sina mazoezi mengine ninayoyafanya kwa hiari.

Zamani mke wangu alikuwa akifuatana nami, ila tangu goti lianze kumsumbua amebaki nyumbani, hasa wakati wa kiangazi ambapo upepo hutukabili tunaporudi. Sasa binti yetu aliyeko Dar es Salaam amejitolea kutununulia baiskeli moja ya umeme. Mama yake ameipokea habari hiyo kwa vigelegele. Mimi ndiye mwenye mashaka. Je, mtu anayesukumwa na mota anafanya mazoezi, au hiyo ni pikipiki iliyofungwa pedali? Na je, mmoja akiwa na umeme na mwenzake akitumia miguu yake tu, wanaweza kweli kutembea pamoja?

Mkazi wa Mwanga, Kigoma

Shikamoo mwalimu. Mimi ninazo zote mbili, ya kawaida na ya umeme, na nitakueleza kadiri nilivyoziona kwenye miinuko yetu ya huku.

Jibu la swali lako la kwanza linategemea jinsi mota inavyoamriwa kufanya kazi. Kuna baiskeli zenye kihisi kinachotambua tu kwamba pedali zinazunguka. Hata ukizizungusha kivivu bila kuweka nguvu yoyote, mota inakubeba, na kwa baiskeli ya aina hiyo shaka yako ni ya haki kabisa. Nyingine zina kihisi kinachopima nguvu ya mguu wako, kisha mota inaongeza kulingana na nguvu hiyo: ukikanyaga kidogo unasaidiwa kidogo, ukikanyaga sana unasaidiwa sana, na ukiacha kukanyaga mota nayo inaacha. Zipo pia zenye kishikio cha kuzungusha kwa mkono kama pikipiki, ambazo zinakuruhusu kukaa kama abiria. Mwambie binti aulize habari hiyo kabla ya kuuliza rangi.

Kwa afya, Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Wastani maana yake ni kwamba unahema kuliko kawaida, unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Mimi nikitoka stesheni kupanda Mwanga kwa baiskeli ya kawaida, siwezi hata kuitikia salamu. Kwa ile ya umeme nazungumza, ila wimbo haunitoki. Kwa hiyo kwa kipimo hicho mazoezi yapo. Zaidi ya hapo, kwa ile ya kawaida nilikuwa naenda Ujiji mara moja kwa wiki na kurudi nikiwa hoi, wakati kwa ya umeme naenda mara tatu. Ukijumlisha dakika, mota imeniongezea mazoezi badala ya kuyapunguza. Ya kawaida sijaiuza. Naichukua siku ninazotaka kujipima, na kusema kweli ndiyo inayonipa raha zaidi kwenye barabara tambarare.

Fundi wa Isevya

Sina nia ya kumpinga ndugu yangu wa Kigoma, lakini yeye anazungumzia milima, na Tabora hatuna milima. Adui yetu ni kichanga, miiba na vumbi. Mwalimu, baiskeli hiyo ikija na tairi nyembamba itazama mahali pale pale Phoenix inapozama, na umeme hautaisaidia: gurudumu la nyuma litazunguka pale pale tu. Chagueni tairi pana, na mkifika kwenye mchanga mpunguze upepo kidogo.

Jambo la pili ni mota yenyewe. Nyingi zinakaa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na hapo kuziba pancha si kazi ya dakika kumi kama mlivyozoea, kwa maana kuna waya wa kuchomoa na nati kubwa za kulegeza kabla ya kulitoa gurudumu. Hakikisheni spana yake mnayo safarini. Spoki za gurudumu hilo pia hubeba mzigo mkubwa, kwa hiyo zikazwe mapema zinapoanza kulegea.

Betri msiiache juani, wala msiiweke wiki nyingi ikiwa imejaa kabisa au imeisha kabisa. Kama haitumiki, nusu inatosha. Ya volti 36 na saa-ampea 10 ina wati-saa 360, na kwa matumizi ya wastani ya wati-saa kumi hivi kwa kilomita, Kwihara mtaenda na kurudi na chaji ikabaki. Na msiioshe kwa mpira wa maji wenye nguvu, ninawaomba sana.

Muuguzi wa Ujiji

Kwa upande wa goti la mama, kabla ya kulaumu umri tazameni urefu wa kiti. Kiti kikiwa chini mno, goti hukunjwa sana kila mzunguko na maumivu huja hapo. Pedali ikiwa chini kabisa, mguu ubaki na mkunjo mdogo tu. Aanze na safari fupi, akikanyaga kwa wepesi, na kama goti linavimba amwone daktari kwanza.

Mstaafu wa Tabora

Nawashukuru nyote. Nilipima kiti cha baiskeli ya zamani ya mke wangu jana jioni, nikakuta kiko chini sana. Niliyekishusha ni mimi mwenyewe, miaka mingi iliyopita, ili miguu yake ifike chini. Binti nimemwandikia kuhusu kihisi cha nguvu na tairi pana. Limebaki lile la mwendo: Phoenix yangu haina gia, na ninaogopa nitakuwa nakula vumbi la mama.

Mkazi wa Mwanga, Kigoma

Mwalimu, aweke kiwango cha chini kabisa cha msaada, na ninyi mtakwenda sambamba bila shida. Kwenye mchanga mwache atangulie, kwa sababu akisimama katikati hataondoka kirahisi. Na chupa za maji na chai zote mfunge kwenye keria yake.

Mstaafu wa Tabora

Hilo la keria amelisoma, na ameniambia atabeba chai, lakini maji nibebe mwenyewe.