Nigeria na South Africa wanauziana nini hasa?

Mtu wa Tandale
Wakuu habari za jioni. Naomba kueleweshwa kidogo. Kila mwaka tunasikia uchumi mkubwa Afrika ni South Africa, Misri, Nigeria, wanapokezana namba tu. Sasa mdogo wangu yupo chuo kapewa asaimenti ya biashara kati ya Nigeria na Sauzi, na kwa kuwa mi ndo naonekana msomi wa familia kaniletea mimi. Nimekaa nikagundua sijui kitu. Kariakoo pale namuona Mkongo anabeba mzigo, Mzambia anabeba, Mcomoro anabeba, ila Mnaijeria na Msauzi nikisikia habari zao ni matusi ya mitandaoni au maduka kuchomwa Johannesburg. Hivi hawa kweli wanafanya biashara au ni stori za mikutano?

pipa_tupu
Mafuta ghafi mkuu. Ukitoa mafuta, Nigeria hana kitu kikubwa anachompelekea Msauzi. Kwenye makaratasi Mnaijeria miaka mingi ndo anauza kuliko anavyonunua, ila ukifunua ndani ni meli za mafuta tu. Msauzi yeye anapeleka mchanganyiko, mashine, vyuma, plastiki, karatasi, magari, matufaha, mvinyo wa Cape.

Sasa utamu upo hapa. Durban walikuwa na viwanda viwili vya kusafisha mafuta, kimoja kikashika moto Desemba 2020 kikaishia kugeuzwa ghala, kingine ni Sapref, ndo kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya mafuta ghafi nchini kwao, wenyewe wakakisimamisha 2022 halafu Aprili yale mafuriko ya Durban yakaingia mpaka ndani, na 2024 serikali ikakichukua kwa randi 1. Sijakosea, randi moja. Upande wa pili Dangote, yule tajiri wa Nigeria, kawasha chake pale Lekki, Lagos, mwaka huohuo 2024, uwezo mapipa 650,000 kwa siku, na kinataka hayohayo mafuta ya nyumbani. Kwahiyo mnunuzi kapunguza majiko na muuzaji kaanza kupika mwenyewe. Mdogo wako aanzie hapo.

Bi Forodha
Pipa kasema kweli ila kaishia bandarini. Ukihesabu meli tu unaikosa biashara yenyewe, maana Msauzi aliingia Nigeria kwa makampuni. MTN, kampuni ya simu, ililipia leseni 2001, leo Nigeria ndo soko lake lenye wateja wengi kuliko hata nyumbani. DStv sina haja ya kusema. Shoprite, ya supamaketi, ikaingia 2005.

Halafu angalia walivyokula kichapo. MTN 2015 ilipigwa faini ya dola bilioni 5.2 kwa laini zaidi ya milioni 5 ambazo hazijasajiliwa vizuri, yaani naira 200,000 kwa kila laini, wakabembelezana ikashuka 2016 hadi naira bilioni 330. Haijapoa, 2018 Benki Kuu ya Nigeria ikawaambia rudisheni dola bilioni 8.1 mlizotoa nje kinyume cha taratibu, ikaja kuisha kwa milioni 53. Kutoka bilioni 8 hadi milioni 53! Hapo ujue hakuna aliyekuwa na hesabu, ni kutishana tu.

Tiger Brands, kampuni ya vyakula ya Sauzi, ndo nawahurumia zaidi, walinunua hisa nyingi za kiwanda cha unga cha Dangote 2012 kwa hela ndefu, miaka mitatu tu mbele wakamrudishia mwenyewe kwa dola moja. Woolworths, wale wa nguo, walifunga maduka 2013, Shoprite ikatangaza kuondoka 2020, jina likabaki kwenye maduka ila wenye mali wakawa wengine. Sisi tusicheke, hata Shoprite ya kwetu pale Mlimani City iliondoka tunaiona.

Mtu wa Tandale
Duh. Kwahiyo Msauzi ndo anayeumia siku zote? Dangote si anao uwezo wa kwenda kwao pia?

Bi Forodha
Yupo. Huyuhuyu wa saruji ya Mtwara ana asilimia 64 ya Sephaku, saruji ya Sauzi. Na mabenki ya Nigeria yapo Johannesburg. Sema ni wachache.

kijana_wa_jozi
Mi nipo Johannesburg, niwape ya mtaani. Nenda Yeoville, duka la Mnaijeria unakuta gari (ule unga wa muhogo, sio gari la kupanda), egusi (mbegu za jamii ya tikiti), mawese, samaki wakavu wagumu kama kuni. Vyote hivyo ni biashara ya nchi mbili lakini vingi vinakuja kwenye mabegi ya watu na kago ndogo za ndege, sasa takwimu gani itaviona? Na malipo ni dola mwanzo mwisho, hakuna anayetaka naira huku. Jamaa mmoja jirani yangu alikuwa anaagiza mzigo vizuri tu, naira ilipoachiwa ielee Juni 2023 ikatoka 460 hivi kwa dola mpaka ikapita 1,500 mwaka uliofuata. Anayeuza huku akituma kwao anachekelea, anayeuza kule akitaka kutoa faida kwa randi analia. MTN Nigeria yenyewe iliandika hasara 2023 sababu hiyohiyo.

Na msisahau viza. 2012 Sauzi waliwarudisha Wanaijeria 125 kisa kadi za homa ya manjano, Nigeria nao wakaanza kuwarudisha Wasauzi uwanjani siku hizohizo, mpaka Sauzi wakaomba radhi. Mfanyabiashara wa kontena moja atakwendaje kukagua mzigo hapo?

pipa_tupu
Na Septemba 2019, maduka ya wageni yakavunjwa huko Jozi, Lagos wakajibu kwa kuvamia Shoprite na ofisi za MTN, ubalozi wa Sauzi ukafungwa kwa muda. Kichekesho ni kwamba waliopigwa Lagos wengi ni Wanaijeria walioajiriwa humo.

Mtu wa Tandale
Sasa hilo soko huru la Afrika si lingemaliza haya?

Bi Forodha
Litapunguza ushuru, maana mmoja yupo SADC mwingine ECOWAS ya Afrika Magharibi, walikuwa wanatozana kama wageni kabisa. Lakini kumbuka mkataba wake uliposainiwa Kigali 2018 wote wawili hawakusaini siku ile, Sauzi wakasaini miezi michache baadaye, Nigeria mpaka Julai 2019. Sauzi wenyewe mzigo wa kwanza kwa utaratibu huo wameusafirisha Durban Januari 2024. Upo pia mfumo wa malipo, PAPSS, ulizinduliwa Accra 2022 ili watu walipane kwa hela zao bila kuzungukia dola. Mimi naona huo ndo wenye maana kuliko ushuru, ila mpaka benki zako zikubali kushika naira.

Asaimenti inatakiwa lini?

Mtu wa Tandale
Ijumaa. Na hajaandika hata jina.

kijana_wa_jozi
Mwambie aanze na ile randi moja, mwalimu hatalala.