Seli zangu za NK zimepoteza CD16 ndani ya saa moja, imeenda wapi?

mtu_wa_pipeti

Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana nimeshaanza kujitilia shaka mwenyewe. Nimetenga seli za NK (seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa au za saratani) kutoka kwenye damu nikazigawa mafungu mawili, moja nimeliacha lipumzike, lingine nimelichokoza kwa PMA na ionomaisini (kemikali za kuziamsha seli), baada ya saa moja nikazipaka antibodi zenye rangi za CD56 na CD16 (protini za juu ya seli) nikazipitisha kwenye saitometa, mashine inayosoma rangi ya seli mojamoja. Zilizopumzika ziko poa kabisa, kilima cha CD16 kwenye grafu kimesimama kulia (kulia ni nyingi, kushoto ni kidogo) kama inavyotakiwa. Zilizochokozwa sasa! Kilima chote kimehamia kushoto kimekaa juu ya kontroo isiyo na antibodi, yaani kama vile hizo seli hazijawahi kuwa na CD16 tangu zizaliwe. CD56 haijatikisika. Na zipo hai, rangi ya kutambua seli zilizokufa niliweka.

Nikasema basi antibodi imeharibika, nikafungua kichupa kipya, majibu yaleyale. Mwenzangu ananiambia nimesahau kuweka antibodi kwenye mirija ile, nimerudia mara tatu huku natia tiki kwenye karatasi kila mrija, mtu hawezi kusahau mara tatu bana. Swali langu, protini inaweza kuondoka juu ya seli haraka hivyo? Na seli inafaidika nini kujivua kipokezi ambacho ndo inakitumia kushika antibodi zilizomganda adui ili imuue? Naona kama askari anatupa bunduki vita ikianza.

bi_saitometa

Antibodi yako nzima na hujasahau kitu, CD16 imekatwa. Aliyekata ni ADAM17, wengine wanamwita TACE, kimeng'enya kinachokaa kwenye utando wa seli hiyohiyo, mkia upo ndani kichwa kipo nje, na kichwani kimebeba atomu ya zinki ambayo bila hiyo hakikati chochote. Kazi yake ni kukata protini za jirani pale shingoni, karibu kabisa na utando, kipande cha nje kinachomoka kinaelea na kisiki kinabaki kwenye seli. Antibodi yako inatafuta kile kipande cha nje, nacho kiko kwenye maji, na maji uliyamwaga ulipokuwa unaosha seli.

PMA ndo imekuponza. Inawasha kinase C (kimeng'enya cha kupitisha ishara ndani ya seli) moja kwa moja bila seli kukutana na adui yeyote, na ADAM17 kinachangamka ndani ya dakika chache tu, hakisubiri jeni ziwashwe wala protini mpya itengenezwe kwa sababu mkasi ulishapelekwa pale zamani, umelala tu. Ndo maana saa moja kwako imetosha kusafisha kila kitu. Kwa CD16 hadi mahali panapokatwa panajulikana, ni kuzunguka asidi amino ya 196, ukibadilisha ile serini ya 197 ikawa prolini mkasi unateleza, na kuna watu wanatengeneza seli za NK za tiba ya saratani zenye CD16 ya hivyo isiyokatika.

Ukiwa na rangi iliyobaki paka na CD62L (L-selektini), nayo utaikuta imepungua kwenye zile zilizokuwa nayo. Ni windo la mkasi uleule.

Kidumu

Samahani mimi sikubaliani kuhitimisha haraka hivyo. Kipokezi kikipotea juu ya seli njia zipo mbili, kimekatwa au kimemezwa ndani, na vipokezi vingi vikichokozwa humezwa, kila anayefanya kazi na seli T anajua TCR (kipokezi chao cha kutambua adui) inavyozama. Grafu ya saitometa peke yake haiwezi kukuambia kipi kimetokea, inakuambia hakipo juu basi. Naona watu siku hizi wakiona kitu kimepungua tu wanasema ADAM17.

bi_saitometa

Kidumu una haki, nilimjibu kwa kujua CD16 na PMA zinavyofahamika ila yeye hajathibitisha kwenye seli zake. mtu_wa_pipeti fanya hivi, na haikuchukui zaidi ya siku moja:

Usimwage maji. Sokota seli kwenye sentrifuji, chukua kimiminika cha juu weka pembeni, pima CD16 iliyomo kwa ELISA (kipimo cha protini kwa kutumia antibodi). Ikikatwa utaikuta humo, ikimezwa hutaikuta. Fungu la seli zilizochokozwa ligawe tena, nusu paka nje kama kawaida, nusu zigandishe kwa fomalini kisha toboa utando upake na ndani. Ikimezwa itaonekana ndani. Halafu fungu la tatu tanguliza TAPI-1 nusu saa kabla ya PMA, hicho ni kizuizi kinachoshika ile zinki. CD16 ikibaki juu, mkasi wa zinki ndo mhusika. Angalizo, TAPI-1 sio mchaguzi sana, inagusa na ndugu zake, ADAM10 na zile metaloproteasi nyingine, kwa hiyo hapo utasema ni familia hiyo, usiapie ADAM17 peke yake hadi umezima jeni yake au utumie antibodi inayokizuia chenyewe.

Na jambo moja nilisahau kukuuliza, seli ni za damu ya siku hiyohiyo au zimetoka kwenye frizi? Kugandisha na kuyeyusha peke yake kunaishusha CD16 hata kama hujaweka PMA, mkasi unaamka wakati wa kuyeyusha. Wengi wamelaumu wachangia damu bure.

baridi_asubuhi

Wakubwa mimi sio wa maabara, nimefika hapa kwa sababu nilikuwa natafuta habari za TNF, ile protini ya kinga inayochochea uvimbe. Nina baridi yabisi, nachomwa sindano ya kuzuia TNF mwaka wa pili sasa na vidole vimefunguka kweli. Nimesoma mahali kwamba hiki kimeng'enya mnachokisema ndo kinatoa TNF. Kama ndo hivyo kwa nini wasizuie mkasi wenyewe kwa kidonge niachane na sindano?

Seli_Nyeupe

Swali zuri kuliko unavyodhani, kuna kampuni zimetumia miaka mingi juu ya wazo hilohilo.

Ni kweli. TNF haizaliwi ikielea. Makrofaji (seli ya kinga inayomeza vijidudu) akihisi bakteria anaitengeneza kwanza kama protini iliyochomekwa kwenye utando wake, ina uzito wa kilodaltoni 26, zikiwa tatutatu zimeshikana. Hapo bado ni silaha ya jirani kwa jirani, inamgusa aliyebanana naye tu. Mkasi unapita kati ya alanini ya 76 na valini ya 77, kipande cha kilodaltoni 17 kinaachia kinaingia kwenye damu, na hapo ndo homa, mishipa kulegea, viungo kuvimba, na ikizidi mtu anaweza kufa kwa mshtuko. Mkasi wenyewe ulipatikana mwaka 1997, timu mbili zikauchapisha kwenye toleo moja la Nature, na furaha ilikuwa kubwa kwa sababu hiyohiyo yako, kila mtu aliona kidonge.

Tatizo likaonekana mwaka uliofuata walipotengeneza panya wasio na mkasi unaofanya kazi. Wengi walikufa tumboni siku za mwisho au siku ya kuzaliwa. Na waliozaliwa, macho yalikuwa wazi. Panya wa kawaida anazaliwa kope zimeshikana, hawa kope hazikuwahi kuungana, dalili ileile inayoonekana kwa panya wasio na TGF-alfa, na TGF-alfa nayo ni protini ya utando inayosubiri kukatwa ili iende kuwaambia seli za ngozi zikue. Kwa hiyo mkasi ulioitwa kwa jina la TNF (ile T ya TACE ni ya TNF) kumbe unakata vitu kibao, vya ukuaji, vya kinga, hadi vipokezi vya TNF vyenyewe. Kwa binadamu pia, mwaka 2011 walielezwa ndugu wawili waliozaliwa bila ADAM17 kinachofanya kazi, ngozi na utumbo vikawasumbua tangu uchanga, na maambukizi ya ngozi hayaishi. Ukiuzima mwili mzima unazima na ukarabati wa ngozi na utumbo.

Vidonge vilijaribiwa kwa wagonjwa wa baridi yabisi na vikaachwa njiani, kingine ini lilianza kulalamika, kingine hakikuonyesha faida. Sindano yako inafanya kitu kimoja tu, inaikamata TNF, mkasi unaendelea na kazi zake nyingine.

Halafu hapo kwenye vipokezi, hii mimi huwa inanichekesha. Etanercept ni kipokezi cha TNF kilichoondolewa kwenye utando kikaunganishwa na mkia wa antibodi ili kikae kwenye damu kikiteka TNF. Mwili ulishatangulia hapo, ADAM17 kinapokata vipokezi vya TNF vile vipande vinaelea na vinafanya kazi hiyohiyo ya kuteka. Yaani mkasi mmoja unaachia moto na unaachia na maji.

baridi_asubuhi

Asante sana nimeelewa. Ila wakati naanza walinipima kifua kikuu kwanza, inahusiana na hayo?

Seli_Nyeupe

Inahusiana sana. TNF ndo inasaidia kuzifunga zile seli zilizozunguka vijidudu vya TB vilivyolala, ukiizuia ngome inaweza kulegea vikaamka. Na panya walioachiwa TNF ya kubaki kwenye utando tu, isiyokatika, bado wana kinga ya kiasi fulani dhidi ya TB, kwa hiyo hata ile isiyokatwa ina kazi yake. Ukipata kikohozi kisichoisha, homa za usiku au unakonda bila sababu, mwambie daktari wako mapema usisubiri tarehe ya kliniki.

Kidumu

Kuna njia ya tatu hapo mmeiruka. Mkasi haujipeleki wenyewe kwenye utando, unatengenezwa ndani ukiwa umefungwa mdomo, protini inaitwa iRhom2 inausindikiza kutoka retikulamu hadi Golgi (vituo vya kutengeneza na kufungasha protini ndani ya seli), huko kimeng'enya kingine, furini, kinaukata kile kifuniko ndo unakuwa mkasi kamili. Mwaka 2012 ilionekana panya wasio na iRhom2 ni wazima kabisa ila makrofaji wao hawatoi TNF, hata wakichomwa sumu ya bakteria dozi ya kuua wanapona. Sababu ni kwamba tishu nyingine zina iRhom1 inashika nafasi, seli za kinga ndo zinaitegemea iRhom2. Kama kuna kidonge cha baadaye, mimi ningetafuta huko kwa msindikizaji, sio kwa mkasi. Ila nayo tusiifanye malaika, kwa binadamu jeni hiyo ikikorogeka kuna ugonjwa wa ngozi ya nyayo kuwa nene unaoambatana na saratani ya umio.

mtu_wa_pipeti

Nimerudi wakuu. Nimefanya yote. Ndani ya seli hakuna CD16 ya maana, kwenye maji ipo tele, na zile za TAPI-1 kilima kimebaki kulia, kimesogea kidogo tu. Kidumu pole, haijamezwa 😂. Na ndio, zilikuwa za frizi, nilipopima za damu mbichi hata zile za kupumzika zilikuwa na CD16 zaidi, kumbe hata "kontroo nzuri" yangu ilikuwa imeshanyolewa nusu.

Bado sijajibiwa la askari na bunduki.

Kidumu

Nimekubali, na fungu la kutoboa utando umelifanya vizuri. Usisahau kuandika kwenye daftari namba ya kundi la TAPI-1, inachakaa ikiyeyushwa mara nyingi.

bi_saitometa

La askari: fikiria NK ameng'ang'ania seli ya saratani iliyopakwa antibodi. CD16 zake nyingi zimeshika antibodi zote kwa pamoja, mshiko mkali kwelikweli. Ameshammwagia sumu, yule anakufa. Sasa anajinasuaje? Akibaki ameganda pale ameua mmoja akaishia hapo. Kuna kazi ya mwaka 2018 ya kuzipiga picha seli hizi zikiwa hai, walionyesha kwamba kukatwa kwa CD16 ndo kunamwachia, anatoka anaenda kwa mwingine, na ukizuia mkasi anabaki amenasa kwa adui wa kwanza. Sio bunduki ametupa, ni kamba amekata.

Neutrofili (aina ya seli nyeupe za damu) nao hivyohivyo na L-selektini, wanabiringika ukutani mwa mshipa wakiishikilia, wakiwashwa inakatwa, wanashika kwa vitu vingine wanapenya nje.

Ubaya upo pia. Ameua watatu wanne na CD16 imebaki kidogo, hapo antibodi za tiba kama rituksimabu hazina pa kushikwa hadi atengeneze nyingine. Ndo maana wale wa CD16 isiyokatika wana hoja, na ndo maana swali la nani anaua wengi zaidi, anayekata au asiyekata, bado watu wanavutana.

Wewe kwa sasa acha PMA, weka seli za windo na antibodi yenyewe uone kilima kinasogea kwa mwendo gani. Na tumia damu mbichi.

mtu_wa_pipeti

Jumatatu naanza. Yule mwenzangu aliyesema nimesahau antibodi nimemtumia huu uzi, amesoma hajajibu.