Kwa nini damu pekee haitoshi kutambua kiharusi, ilhali moyo una troponini?

Muuguzi wa Dharura (swali)

Habari za kazi, wataalamu. Kituo chetu kina maabara nzuri lakini hakina CT skani wala MRI, mashine za kupiga picha za ubongo. Mgonjwa akija na maumivu ya kifua tunapima troponini, na majibu yake hutusaidia sana kujua kama misuli ya moyo imeumia. Akija mgonjwa ambaye mdomo umepinda na mkono mmoja umelegea ghafla, tunapima sukari na shinikizo la damu, kisha tunaandika rufaa. Nimesoma kuhusu protini iitwayo GFAP, ambayo inasemekana hutofautisha kiharusi cha kuvuja damu na kile cha mshipa kuziba. Ikiwa ni hivyo, kwa nini bado tunamsafirisha mgonjwa kufuata picha huku muda wa tiba ukimpita?

Daktari wa Neva

Ndugu muuguzi, tofauti inaanzia kwenye jambo ambalo kipimo kinatakiwa kulijibu. Troponini inaeleza kwamba misuli ya moyo imeumia, na hilo peke yake tayari linaelekeza hatua. Kwa ubongo, kujua kwamba umeumia hakutoshi, kwa sababu aina hizo mbili za kiharusi hufanana kwa dalili lakini tiba zake hupingana: alteplase, dawa inayoyeyusha donge la damu na kumfaa mgonjwa ambaye mshipa wake umeziba, inaweza kumuua yule anayevuja damu.

Protini za zamani zaidi, kama S100B, hazikutufikisha mbali, kwani hupanda kwa kuchelewa na hupanda pia kwa majeraha mengine. GFAP ina nguvu zaidi kwa sababu ya mahali inapotoka. Imo ndani ya astrosaiti, seli zinazozihudumia neva. Damu inapovuja kwa ghafla huzipasua seli hizo, na protini humwagika mapema, ilhali mshipa ukiziba seli hufa polepole na kiwango hupanda baada ya saa nyingi. Kwa hiyo kipimo hiki kina maana katika saa za mwanzo tu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliohusu wagonjwa waliofika ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, GFAP iliwatambua takriban asilimia 84 ya waliokuwa wakivuja damu. Ni matokeo mazuri kwa utafiti, lakini maana yake ni kwamba karibu mmoja kati ya sita alipita bila kugunduliwa, nami siwezi kumpa mtu alteplase kwa uhakika wa kiasi hicho.

Mtaalamu wa Picha

Ninaongeza upande wa picha, ambao nao una mipaka yake. CT skani huonyesha damu mbichi kwa weupe ndani ya dakika chache, lakini mshipa ulioziba muda mfupi uliopita unaweza usiache alama yoyote, hivyo picha ya CT isiyoonyesha tatizo haimaanishi kwamba mgonjwa hana kiharusi. MRI inayopima mwendo wa maji ndani ya tishu huona eneo lililoathirika mapema zaidi. Tena picha ya mishipa huonyesha donge liko wapi, na bila kujua hilo hakuna anayeweza kuliondoa kwa katheta (mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa), tiba ambayo tafiti za mwaka 2015 zilithibitisha manufaa yake na ambayo leo wagonjwa waliochaguliwa kwa picha huweza kuipata hata hadi saa 24. Damu haiwezi kukuambia ni mshipa upi.

Tabibu wa Gari la Wagonjwa

Nakubaliana na madaktari, ila naona tunaibebesha GFAP mzigo usio wake. Isitumike kuruhusu alteplase; itumike kuchagua njia. Kiwango kikiwa juu sana katika saa ya kwanza kwa mtu ambaye hakuumia kichwa, kuna sababu ya kumpeleka moja kwa moja kwenye hospitali yenye upasuaji wa ubongo badala ya kumpitisha kwingine kwanza. Picha itapigwa huko huko.

Muuguzi wa Dharura

Nimeelewa, nawashukuru. Je, kwa maabara niliyo nayo sasa, nifanye nini kabla gari halijaondoka?

Daktari wa Neva

Endelea kupima sukari, kwa sababu sukari iliyoshuka huigiza kiharusi na hurekebishwa hapo hapo. Kama mgonjwa anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, pima INR, yaani kipimo cha muda wa damu kuganda, lakini usilizuie gari kwa kusubiri majibu. Yatume kwa simu. Usimpe aspirini kabla ya picha. Andika pia saa ambayo mara ya mwisho alionekana akiwa mzima, wala si saa alipokutwa ameanguka, na uwapigie simu wanaompokea ili mashine ya CT iwe wazi atakapofika.